Tuhuma, Shutuma na Uadilifu: Mafunzo Kutoka Mpwapwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Yapo mambo mawili ambayo Waislamu wa zama zetu hukutana nayo mara kwa mara, na aghalabu huyachanganya. La kwanza ni dini yao kushutumiwa: mtu anaihoji Qur'ani, anaikosoa Sheria, au anamtaja Mtume (s.a.w.) kwa maneno yasiyomstahiki. La pili ni wao wenyewe kutuhumiwa: bomu limelipuka katika mji fulani, na kabla aliyelitega hajajulikana, mtu mwenye kanzu na ndevu aliyeketi kituo cha mabasi amekwisha kutazamwa kwa jicho la shaka. Yote mawili yanauma. Lakini hukumu zake katika Sheria si moja, wala dawa zake si moja. Mwenye kulijibu swali kana kwamba ni tusi, au kuijibu tuhuma kwa ghadhabu badala ya hoja, huipoteza haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Katika makala hii tunakusudia kuyatenganisha mambo hayo na kueleza Uislamu umetufundisha nini juu ya kila moja. Tutaanza na historia ya nchi yetu, tena katika mji wa Mpwapwa, mkoani Dodoma. Wengi hudhani kwamba kuuhusisha Uislamu na fujo ni jambo lililoanza New York mwaka 2001. Sivyo. Hapa kwetu jambo hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

MPWAPWA KATIKA NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa. Mji huu ulikuwa na maji, na mbele yake upande wa magharibi lilikuwepo pori kame la Marenga Mkali, ambalo wapagazi walilivuka kwa kiu na haraka kabla ya kuingia Ugogo. Kwa hiyo kila aliyepita alipumzika Mpwapwa: mfanyabiashara Mwarabu, Mswahili wa pwani, mpagazi wa Kinyamwezi, mpelelezi wa Kizungu. Uislamu ulifika kwa njia hiyo. Ukristo nao ulifika kwa njia hiyo hiyo, kwani wamisionari wa CMS walianza shughuli zao Mpwapwa miaka ya 1876 na 1878. Dini hizi mbili zilikuwa jirani hapa kabla hapajakuwa na serikali ya kikoloni.

Ni haki pia kusema kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Wapo Waislamu waliokuwa wafanyabiashara wa watumwa, na hatuna sababu ya kuficha. Aliyemteka mtu huru na kumuuza alifanya jambo ambalo dini yake inalilaani. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Allah (s.w.t.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule anayemuuza mtu huru akala thamani yake. Kwa hiyo mfanyabiashara yule alikuwa na hatia yake. Suala ni hili: je, hatia yake iliwahusu Waislamu wote?

VITA VILIVYOPEWA JINA LISILO LAKE

Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Tanganyika kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni walianza kupandisha bendera zao, kushika forodha na kudai amri juu ya ardhi na kodi. Katika mji wa Pangani, vitabu vya historia vinasimulia kwamba ofisa wa kampuni, Emil von Zelewski, aliingia msikitini pamoja na mbwa katika siku za Idd. Watu wakachafuka. Vita vikaanza, vikiongozwa na Bushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani. Waliopigana walikuwa Waarabu, Waswahili, Wazigua, Wabondei na wengineo, na si wote walikuwa Waislamu. Waliloligombania lilikuwa nchi yao, biashara yao na heshima yao.

Hata hivyo Wajerumani waliviita vita hivyo "Uasi wa Waarabu". Huko Ulaya wakati huo Kadinali Lavigerie alikuwa akihubiri kampeni kubwa dhidi ya biashara ya watumwa, na serikali ya Bismarck iliona kwamba wananchi wake wasingetoa fedha kwa ajili ya kuiokoa kampuni ya biashara, bali wangetoa kwa ajili ya kuwaokoa watumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Bunge la Ujerumani likaidhinisha mark milioni mbili kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Angalia jinsi mambo mawili yalivyofungwa katika kifurushi kimoja. Fedha hizo ndizo zilizomleta Hermann von Wissmann na jeshi lake.

Mwezi Mei 1889 Wissmann aliivunja ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Bushiri akarudi bara, na mwezi Juni akakishambulia kituo cha Wajerumani hapa Mpwapwa na kumuua mmoja wa Wazungu wawili waliokuwepo. Miezi michache baadaye Wissmann mwenyewe akafika Mpwapwa na kujenga boma. Bushiri alikamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Katika kisa hiki kuna dhulma waliyofanyiwa Waislamu: vita vya kutetea nchi viligeuzwa kuwa vita vya dini na utumwa, na kila mvaa kilemba akawa mtuhumiwa. Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Mwezi Januari 1889 wapiganaji wa upande huo walikivamia kituo cha wamisionari wa Kibenediktini huko Pugu, wakawaua baadhi yao na kuwateka wengine. Kitendo hicho hakiwezi kutetewa kwa Sheria. Katika Muwatta ya Imam Malik umepokewa wasia wa Abubakar (r.a.) kwa jemadari wake aliyekuwa akienda Sham, kwamba asiwaguse wanawake, watoto na wazee, na awaache watu waliojitenga katika nyumba zao za ibada. Huo ulikuwa wasia wa vita halisi, chini ya Khalifa halali. Basi itakuwaje halali kwa kundi la watu waliokasirika?

Wala si kila mtu alifuata ghadhabu. Wakati wa vita hivyo hivyo maelfu ya watu wa Bagamoyo walikimbilia katika misheni ya Kikatoliki ya mji ule, nayo misheni ikaachwa salama. Mpiganaji alijua kutofautisha baina ya kampuni iliyochukua forodha na padri aliyewahifadhi jamaa zake. Kutofautisha huko ndiko Uislamu unakokutaka.

BARUA YA MAKKA, 1908

Ukishapandwa, mche wa shaka huendelea kukua. Miaka kumi na tisa baada ya vita vya Bushiri, na muda mfupi tu baada ya Vita vya Majimaji, serikali ya Kijerumani ilipata hofu nyingine, mara hii kusini mwa nchi. Mwaka 1908 huko Lindi na sehemu nyingine ilienea barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ameota ndoto, akaambiwa watu wameacha swala, Kiyama kimekaribia na mlango wa toba unakaribia kufungwa. Anayeinakili barua na kuieneza ameahidiwa thawabu, na anayeipuuza ametishiwa balaa.

Serikali iliona humo njama ya uasi wa Waislamu. Uchunguzi ukafanywa, barua zikakusanywa, walimu wakatiliwa shaka. Lakini mtaalamu wa Kijerumani Carl Heinrich Becker, aliyeyachunguza maandishi ya Waislamu wa Afrika Mashariki na kuchapisha utafiti wake mwaka 1911, alijua kuwa barua za namna hiyo si ngeni. Miaka ya 1880 Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha kuandika juu ya barua kama hiyo iliyozagaa Indonesia. Ilikuwa karatasi ya kutisha watu ili wasali, nayo ilizunguka katika nchi nyingi za Kiislamu.

Tunapata mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba mtawala mwenye hofu huona bunduki mahali ambapo pana tasbihi. La pili ni letu sisi wenyewe. Barua ile haikuwa uasi, lakini pia haikuwa dini. Ilikuwa uzushi. Dini haithibiti kwa ndoto ya mtu asiyejulikana, na marehemu Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudia aliandika risala mahsusi kuubatilisha wasia huo wa Sheikh Ahmad. Lau elimu ingetangulia, barua isingenakiliwa, na kama isingenakiliwa mtawala asingeogopa. Leo wasia ule ule unapita katika simu zetu. Anayeupeleka kwa watu ishirini bila kuuliza ndiye yule yule ambaye kesho atapeleka taarifa ya uongo juu ya jirani yake.

AGOSTI 1998 NA BAADA YAKE

Siku ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Zaidi ya watu 200 waliuawa Nairobi, na 11 Dar es Salaam. Kati ya waliokufa Dar es Salaam hakuwemo Mmarekani hata mmoja. Mtandao wa al-Qaida ndio uliohusika, na miongoni mwa waliotiwa hatiani baadaye huko New York wamo Watanzania wawili kutoka Zanzibar: Khalfan Khamis Mohamed, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001, na Ahmed Khalfan Ghailani, aliyehukumiwa kifungo kama hicho mwaka 2011. Mtuhumiwa mwingine aliyeshitakiwa hapa nyumbani aliachiwa huru na Mahakama Kuu mwaka 2004, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hivyo ndivyo haki inavyotakiwa kwenda: mwenye hatia kwa hatia yake, asiyethibitishiwa aachwe.

Lakini shaka haikuishia kwa watu wale. Mwaka 2002 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na Waislamu wengi waliipinga wakihofu kwamba itatumika dhidi yao zaidi kuliko dhidi ya wengine. Nchini Kenya mswada wa mwaka 2003 uliohusu jambo hilo hilo uligusia hata mavazi ya mtu kuwa sababu ya kumshuku. Waislamu pamoja na wanasheria na watetezi wa haki za binadamu waliupinga mpaka ukaondolewa, na sheria nyingine ikaja kupitishwa mwaka 2012.

Hofu ile haikuwa ya bure. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, wakiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walishitakiwa kwa makosa ya ugaidi, wakakaa rumande miaka mingi bila kesi kufika mwisho, mpaka Juni 2021 mashitaka yalipofutwa wakaachiwa. Mtu anaweza kukubaliana nao au kutokubaliana nao katika siasa zao. Lakini kumweka mtu mahabusu miaka mingi bila kumthibitishia kosa ni jambo ambalo Mwislamu analipinga kwa dini yake, na raia analipinga kwa Katiba yake. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kuwa anayo hatia.

SHERIA YASEMAJE JUU YA TUHUMA

Sasa tuingie katika fiqhi ya jambo lenyewe. Katika Suratul Hujurat (49:6) Allah (s.w.t.) ameamuru habari ya fasiki ichunguzwe kabla haijafuatwa, ili watu wasidhuriwe kwa ujinga. Katika aya ya 12 ya Sura hiyo amekataza kudhania ovyo na kupelelezana. Na katika Sura kadhaa, ikiwemo Suratul An'aam (6:164), amebainisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Hii ni kanuni katika uadilifu wote wa Kiislamu. Kwa kanuni hii tunasema: haijuzu kumtuhumu Mwislamu wa Mpwapwa kwa kosa la mtu aliyeishi Kandahar.

Ila kanuni hii ina makali pande mbili, na hapa ndipo wengi wetu tunapoishia njiani. Wafasiri wengi wamepokea kisa cha kuteremka Suratun Nisaa aya ya 105 mpaka ya 112. Mtu mmoja wa Madina, Tu'ma bin Ubayriq, aliyejidhihirisha kuwa Mwislamu, aliiba deraya ya jirani yake. Ilipotafutwa, ikakutwa kwa Myahudi mmoja. Jamaa za Tu'ma walijua ukweli, lakini walimwendea Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao, wakitaka lawama imwangukie Myahudi. Ndipo Wahyi ukashuka kumtakasa yule Myahudi na kumkataza Mtume (s.a.w.) asiwe mtetezi wa wahaini. Na aya ya 112 ikaeleza uzito wa dhambi ya mtu anayefanya kosa kisha akamtupia asiye na hatia.

Zingatia hali ya wakati ule. Waislamu walikuwa wachache, maadui zao wengi, na baadhi ya Mayahudi wa Madina walikuwa na uhasama nao wa wazi. Lau ingekuwa ni suala la kulinda heshima ya kundi, huo ndio ungekuwa wakati wake. Lakini Qur'ani ilimfedhehesha aliyekuwa katika safu ya Waislamu na kumtetea asiyekuwa Mwislamu, na aya hizo zinasomwa misikitini mpaka leo. Basi aya zile zile zinazotulinda sisi tusibebeshwe kosa la mwingine, ndizo zinazotukataza kumficha mkosaji kwa kuwa ni wetu. Hatuwezi kuishika nusu moja tukaiacha ya pili.

Ama kitendo chenyewe cha kuwalipua watu sokoni, ofisini au katika basi, wanazuoni hawakukiita jihadi. Jihadi ya silaha ina masharti yake, wenye mamlaka yake na mipaka yake. Kuwavamia watu wenye amani njiani kunaitwa hiraba, na adhabu yake iliyotajwa katika Suratul Maida (5:33) ni nzito. Tena asiyekuwa Mwislamu anayeishi nasi yumo katika ahadi ya amani. Imam Bukhari amepokea kwamba anayemuua mtu mwenye ahadi hataipata hata harufu ya Pepo.

KUJIELEZA SI UNYONGE

Baadhi ya ndugu zetu husema: "Kwa nini kila likitokea jambo sisi ndio tutakiwe kutoa tamko? Mbona wengine hawatakiwi?" Malalamiko haya yana haki ndani yake. Si uadilifu kumtaka mtu aombe radhi kwa kosa asilolifanya, na anayeomba radhi namna hiyo huwa kama amekiri. Lakini kuomba radhi ni jambo moja na kubainisha ni jambo jingine.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini, na mkewe Bibi Safiyya (r.a.) akamtembelea usiku. Alipotoka kumsindikiza, wakapita Maansari wawili wakaongeza mwendo. Mtume (s.a.w.) akawasimamisha na kuwajulisha kwamba yule ni Safiyya. Wao wakastaajabu, vipi wangemdhania vibaya Mtume wa Allah? Akawaeleza kwamba shetani hupita ndani ya mwanadamu kama damu inavyopita, naye alichelea asije akatia kitu nyoyoni mwao.

Mtu msafi kuliko watu wote hakungoja atuhumiwe, wala hakusema kwamba ubaya ni wa anayedhania. Alibainisha kwa maneno machache, bila hasira wala kujidhalilisha. Wanazuoni wamechukua kutoka hadithi hii kwamba inapendeza mtu kuziondoa sababu za kudhaniwa vibaya. Kwa hiyo imamu anayesimama juu ya mimbari akasema wazi kwamba kuua wasio na hatia ni haramu, hajawatumikia maadui. Amefuata Sunna.

SHUTUMA NA MATUSI

Tukija katika kushutumiwa kwa dini, lazima kwanza tutofautishe baina ya anayeuliza, anayekosoa na anayetukana.

Anayeuliza ana haki ya kujibiwa. Anayekosoa anajibiwa kwa hekima, mawaidha mema na mjadala ulio bora, kama alivyoamuru Allah (s.w.t.) katika Suratun Nahl (16:125). Wengine wetu huona kila ukosoaji ni uadui. Hebu tujipime. Tangu miaka ya 1980 wahadhiri wa Kiislamu wamesimama katika viwanja vya miji yetu wakaichambua Biblia mbele ya Wakristo, na wakawataka Wakristo wasikilize kwa utulivu. Itakuwaje basi Mkristo akiihoji Qur'ani tuseme ametukana? Suratul Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wanaotaka kujazwa kipimo wanapopimiwa, na wanapunja wanapowapimia wengine. Onyo hilo halimhusu muuza mtama peke yake. Tena Suratul An'aam (6:108) imetukataza kuvitukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Allah kwa uadui bila elimu.

Ama anayetukana kwa makusudi, Qur'ani imekwisha kutuandaa. Suratul Imran (3:186) imetuambia kwamba tutasikia maudhi mengi, na ikataja subira na ucha Mungu kuwa ndio msimamo. Suratun Nisaa (4:140) imetuelekeza tusikae pamoja na wanaozifanyia istihzai aya za Allah mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Mayahudi fulani walimwamkia Mtume (s.a.w.) kwa neno linalofanana na salamu, nalo maana yake ni mauti. Bibi Aisha (r.a.) alipowarudishia kwa laana, Mtume (s.a.w.) alimtuliza na kumkumbusha kwamba Allah anapenda upole katika mambo yote. Palipo na haja ya kuzuia uchochezi, ipo njia ya sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 125 na 129, inagusa kudhalilisha dini na kuumiza hisia za kidini kwa makusudi.

Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana, na mmoja wao, Mkristo, akaukojolea Msahafu. Uchungu wa tendo lile kila Mwislamu anaufahamu. Lakini baada ya siku chache makanisa yalivamiwa na kuharibiwa. Tujiulize kifiqhi: mwenye kanisa alikosa nini? Mtoto alitenda alilotenda, na kesi yake ilikuwa na wa kuihukumu. Waliovunja kanisa walimbebesha muumini wa Kikristo mzigo wa mtoto yule, sawasawa na anayembebesha Mwislamu wa Mpwapwa mzigo wa al-Qaida. Isitoshe, Msahafu haukupata heshima zaidi kwa dirisha lililovunjwa. Habari iliyobaki katika magazeti haikuwa Msahafu ulionajisiwa bali makanisa yaliyoharibiwa.

Mtume (s.a.w.) aliliona hilo mapema. Wakati Umar (r.a.) alipoomba ruhusa ya kumuua mnafiki Abdullah bin Ubayy, ambaye uovu wake ulikuwa dhahiri, Mtume (s.a.w.) alikataa, watu wasije wakasema Muhammad anawaua sahaba zake. Jina la Uislamu mbele ya watu lilikuwa na uzito katika maamuzi yake. Vipi lisiwe na uzito katika yetu?

ABIRIA WA MANDERA

Tuhitimishe mifano kwa Waislamu waliosimama mahali walipotakiwa kusimama. Novemba 2014, karibu na Mandera kaskazini mwa Kenya, al-Shabaab waliteka basi, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015 walishambulia basi jingine katika eneo hilo, wakataka abiria wajitenge vivyo hivyo. Mara hii Waislamu waliokuwemo walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na wanaume wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa abiria hao, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kutokana na majeraha yake. Allah amrehemu.

Hakuna tamko, wala mhadhara, wala makala kama hii yetu, iliyoutetea Uislamu Afrika Mashariki kuliko walivyoutetea abiria wale. Na wao hawakuwa wakitetea jina la mtu. Walikataa tu jirani yao auawe kwa kosa lisilo lake.

WAJIBU WETU

Kutokana na yaliyotangulia tunawausia maimamu, walimu wa madrasa na wanafunzi, wa Mpwapwa na kwingineko, mambo yafuatayo:

Kwanza, mimbari isibebe habari isiyothibiti. Habari ya simu ichunguzwe, na ikikosa ushahidi iachwe.

Pili, vijana wafundishwe wazi fiqhi ya jihadi, ya hiraba na ya ahadi, kwa masharti yake yote. Mwalimu akiogopa kuligusa somo hilo, kijana atalipata kwa mtu mwingine asiye na elimu wala hofu ya Allah.

Tatu, Mwislamu akikamatwa, asihukumiwe na ndugu zake wala asitakaswe nao kabla ya ushahidi. Atafutiwe mwanasheria, familia yake isaidiwe, na mahakama itakiwe kutenda haki bila kuchelewa. Kudai hayo ni haki ya raia, wala si kumtetea mhalifu.

Nne, atakayethibiti kuwa mhalifu asifichwe kwa sababu ya jina lake au msikiti anaosali. Kisa cha Tu'ma kinatutosha.

Tano, ujirani ulioanza katika njia ya misafara uendelezwe. Jirani anayetujua kwa mazishi, kwa harusi na kwa mkopo wa pishi ya mtama, ni vigumu kumshawishi kwamba sisi ni magaidi. Na sisi tunaomjua kwa namna hiyo hatutamuadhibu kwa kosa la mtu mwingine wa dini yake.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa wasimamizi wa uadilifu, ingawa ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, awafariji waliodhulumiwa, na aihifadhi nchi yetu na shari ya kila mwenye shari. Amin.

Wallahu a'lam.